Chapati Ndani ya Mikono ya Gauni

Jumamosi, 6 Septemba

Karin, mwalimu wetu wa uchapaji wa picha, ametuagiza kila mwanafunzi awe na daftari la rangi: umechanganya nini na nini, maji kiasi gani, na ilipokauka ikawaje. Nimeandika mistari minne ya rangi, nikachoka. Acha niandike kinachoniwasha.

Tuliotoka Brooklyn Park kwenda kwenye darasa hili la karakanani, Saint Paul, ni wawili tu, mimi na Dinah. Urafiki wetu ulianzia kwenye nyumba ya wazee kule Plymouth, tukiwageuza wazee kitandani pamoja. Mimi bado niko pale. Yeye alisoma, sasa ni nesi hospitalini. Ndiye aliyeliona tangazo, ndiye aliyenijazia fomu, na ndiye anayeendesha gari, maana langu ni bovu, halifai safari ndefu. "Kerubo, si wewe hupenda rangi? Twende tutoke kwa hizi shift kidogo." Nikakubali. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Tunajifunza picha za dhihaka za Uingereza, za miaka mia mbili iliyopita. Karin ametundika nakala zake ukutani: mfalme mnene ambaye vifungo vya koti vinamkimbia, mawaziri wenye pua za kufungulia kopo, mabibi wenye kofia pana kuliko meza. Anasema zilikuwa zikibandikwa kwenye madirisha ya maduka ya London, na watu wakajazana barabarani kuzitazama, waheshimiwa kwa wachukuzi, kila mtu akiomba asijikute humo. Wakubwa wengine walituma watu kuzinunua zote ili zisionekane. Nilicheka sana. Haya mambo nayajua, yana harufu ya kanisani kwetu.

Chini ya kila picha kuna majina: aliyechora, na mwenye duka. Nikamuuliza Karin nani alitia rangi. Akasema wanawake, na watoto, walioketi mezani mstari mmoja; huyu anatia wekundu kwenye nakala zote, anasogeza, mwenzake anatia buluu. Wakifuata nakala moja ya mfano.

"Na majina yao?"

"Hayajulikani," akasema, akaendelea na somo.

Hayajulikani! Nimezaliwa Tabaka, Kisii. Wajomba zangu walichonga mawe, shangazi zangu waliyasugua kwa maji na kuyatia rangi hadi vidole vikachubuka, halafu mjomba akageuza kiboko cha jiwe juu chini akaandika jina lake tumboni. Nimesafiri nusu ya dunia nije nikute kiboko kilekile.

Mwishoni Karin alitupa zoezi la kuchora uso. Alisimama nyuma ya Dinah muda mrefu, akaita watu waje waone. Kwangu alisema nina mkono wa brashi wa ajabu, kwamba rangi yangu haivuki mstari. "Mmoja achore, mmoja atie rangi. Mmekamilika." Dinah akapiga makofi. Mimi nikatabasamu, na tabasamu hilo nililibeba hadi nyumbani kama ndoo.

Jumamosi, 13 Septemba

Joto. Dinah alichelewa kunichukua. Alichora, nikatia rangi.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo nimetoa wazo, na ninaliandika hapa na tarehe yake ili lisije likapotea.

Tulikuwa garini. Karin anataka kila kundi litengeneze picha moja mpya kwa mtindo wa zamani, kwa sindano na asidi kwenye bamba la shaba, na nakala ishirini zitiwe rangi kwa mkono. Dinah alikuwa hana la kuchora. "Mimi naweza draw chochote," akasema, "lakini sijui chochote ni nini."

Nikamwambia: chora chakula cha Jumapili ya mwisho wa mwezi. Baada ya ibada, kabla wageni hawajafika mbele ya foleni, foili zinaanza kutoka kwenye mikoba. Kuna watu kanisani kwetu wanafunga pilau la kupeleka nyumbani kabla ya kulionja. Sasa zile gauni za kina bibi wa zamani, zenye mikono iliyovimba toka begani hadi kiwikoni, si zimeumbwa kwa kazi hiyo? Mchore bibi anaaga kwa heshima zote, shingo juu, kofia ya manyoya, na mikono ya gauni imejaa chapati. Moja inachungulia kwenye kiwiko. Mbwa anamfuata.

Dinah alicheka mpaka akakosa exit. Ilibidi tukageuzie mbali huko.

"Wewe mwanamke, akili yako ni mbaya! Na caption?"

"'Bibi Anaaga.'"

"Finish. Basi."

Alipofika karakana, kabla hajavua sweta, akamwambia Karin, "Nimepata idea." Nimepata! Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimemshikia mkoba.

Jumamosi, 27 Septemba

Ninachukia jinsi anavyochora. Bamba limepakwa nta nyeusi, yeye anakwaruza kwa sindano, na kila kitu anakichora kinyume ili kikichapwa kitoke sawa. Hata maandishi anayaandika kinyume, bila kuhema. Uso wa bibi si wa mtu yeyote. Amechukua kidevu huku, shavu kule, akatunga mwanamke asiyepo. "Sitaki mtu ajione," akasema. "Mimi bado nataka kuenda hiyo kanisa."

Mistari yake imepumzika. Yangu huwa inatetemeka nikijaribu. Nimejaribu nyumbani, kurasa sita. Nimezichana.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nakala ya kwanza ilipita kwenye mashine, Karin akainua karatasi polepole kwa ncha za vidole, na sote tukasema aah. Nilisema aah kwa dhati. Kisha nikasoma chini. Kushoto: jina la Dinah. Kulia: jina la karakana. Basi.

Nikamuuliza Dinah kwa sauti ya mzaha, "Na mimi niko wapi?"

"Si ni style tu ya zamani, my dear. Karin alisema tufuate vile ilikuwa."

Karin akaongeza kwamba hata zamani watu wasiojua kuchora walikuwa wakiwaandikia wachoraji barua za mawazo. Wengine walitajwa, wengi hawakutajwa. Alidhani ananifariji.

Majani yameanza kugeuka. Njia nzima ya kurudi Dinah aliyasifia, mti mmoja baada ya mwingine, nami nikawa najibu mmh.

Jumanne, 7 Oktoba

Zamu ya asubuhi. Mzee wangu wa chumba cha mwisho aliniuliza mbona leo ninamsugua kama sufuria.

Jumapili, 12 Oktoba

Dinah alileta kanisani nakala moja isiyo na rangi, ndani ya bahasha, kama mtu aliyeleta picha za harusi. Baada ya ibada watu walimzunguka. Walicheka wakashikana mabega. Mke wa mchungaji alifuta machozi akasema, "Dinah, Mungu amekupa kipaji, na ulikuwa umekificha!" Kila mtu alimwona mwenzake kwenye ile picha na hakuna aliyejiona, kwa sababu hakukuwa na mtu. Maurice, mwenye duka la vyakula vya kwetu, akasema ikitiwa rangi aletewe aiweke dirishani, watu wakija kununua unga wacheke.

Kisha Jairus, mzee wa kanisa, akanigeukia. "Na wewe Kerubo, kumbe huwa unamsindikiza? Ni vizuri. Saint Paul ni mbali kuendea peke yake."

Kumsindikiza.

Dinah alisikia. Alikuwa hatua moja kutoka hapo, na mandazi mdomoni. Nilimtazama nikingoja ameze. Mandazi humezwa kwa muda gani? Alimeza, akageuka, akamjibu mtu mwingine swali jingine.

Ninaandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma: ninamwonea wivu Dinah. Ninamwonea wivu kwa mkono wake, kwa gari lake, kwa beji yake ya nesi, kwa namna anavyocheka bila kufunika mdomo. Nikimwona amefurahi nahisi kama kuna kitu changu amevaa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo Dinah alikuwa kazini. Nilipewa lifti na mwanafunzi mwingine. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu na nakala ishirini, na ninataka kuandika nilichofanya kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ushahidi.

Tulikuwa tumekubaliana: gauni la waridi, kofia nyeupe, nywele nyeusi. Karin alikuwa ameiandika hiyo orodha ubaoni. Nilichanganya waridi. Ilikuwa waridi nzuri. Niliitazama ikikauka kwenye kisahani.

Halafu nikamfikiria Velma.

Velma ndiye mwenyekiti wa jikoni kanisani. Hakuna ndoa wala msiba wa Wakenya wa upande huu ambao hajaupikia. Ana koti moja, la manjano, manjano ya ndizi iliyoiva mpaka inaanza madoa, analivaa kuanzia Oktoba hadi Mei, na wigi lenye wekundu kwa mbali ambao ukipigwa na jua unaonekana toka upande wa pili wa maegesho. Mtu yeyote wa kwetu ukimwonyesha rangi hizo mbili pamoja, hata bila uso, atasema Velma.

Tena Velma hubeba chakula. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi anatoka na trei mbili zimefunikwa foili, na wenye kusema husema. Mimi najua trei hizo zinakwenda wapi kwa sababu mwezi wa nane nilimsaidia kuzibeba: zinakwenda Eagan, ghorofa ya tatu, kwa Nyiraneza, mama kutoka Kongo aliyefika na watoto watano na bado hajapata kazi. Velma aliniomba nisiseme, asije Nyiraneza akaona haya. Sijasema.

Nikamwaga waridi kwenye sinki. Nikachukua manjano, tone la kahawia, tone moja tena, maji kidogo. Nikatia kwenye gauni. Nikachukua wekundu mwembamba nikaupitisha juu ya nywele nyeusi, upande mmoja tu, pale jua linapopiga. Bibi asiyekuwepo akawapo. Alikuwa Velma anaiba chapati.

Simchukii Velma. Nilimchagua kwa sababu ana mdomo, na ana watu, na nilijua atamwendea mwenye jina lililoandikwa chini.

Karin alipita, akainua moja. Alisema manjano ile ina ujasiri kuliko waridi. Nikamwambia kwamba Dinah amekubali. Nilitia zote ishirini. Rangi haikuvuka mstari hata mara moja.

Jumamosi, 25 Oktoba

Dinah aliziona leo. Aliinama juu ya meza.

"Waah. Tulisema pink."

"Pink ilikauka vibaya."

"Hii yellow nimeiona wapi?"

"Makoti ya manjano ni mengi."

"Nani amesema koti?" akaniuliza. "Hii ni gauni."

Nikaanza kuosha brashi. Kisha simu yake ikalia, ilikuwa hospitali wanataka achukue zamu, na aliporudi alikuwa amesahau, au amejifanya. Jioni alimpelekea Maurice moja. Nilikataa kushuka garini, nikasema mguu unaniuma.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimepita dukani kununua majani ya chai ambayo sikuyahitaji. Picha iko dirishani, kati ya tangazo la nyama ya mbuzi na bango la tamasha la injili. Wanaume wawili walikuwa nje na mikono mifukoni.

"Si huyu ni Auntie Velma?"

"Acha! Ni yeye kabisa. Ona nywele."

"Dinah ameamua. Dinah ameamua kufa."

Nilirudi nyumbani nikiendesha polepole, nimeshikilia usukani kwa mikono miwili. Chai niliisahau kwenye kaunta.

Jumapili, 2 Novemba

Velma hakuja kanisani. Watu wanamtazama Dinah pembeni. Dinah ananiuliza kama ana kitu usoni.

Jumanne, 4 Novemba

Barafu kwenye kioo cha gari asubuhi. Dinah hajapiga simu. Nimefurahi. Sijafurahi.

Alhamisi, 6 Novemba

Amepiga. Amejua. Mtu amemwambia. Alikuwa analia.

"Kerubo, mimi sikumchora Velma. Wewe uliniona nikichora. Ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Sasa nitamwambia nini? Jina ni langu!"

"Jina ni lako," nikasema.

Nimeisikiliza sauti yangu ikisema hivyo. Ilikuwa shwari kabisa. Baada ya hapo nilikula vizuri, nikaosha vyombo, nikakaa nikingoja Jumapili kama mtoto anayengoja Krismasi.

Jumapili, 9 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Wakati wa matangazo Velma alisimama. Koti lilelile. Alikuwa amekunja gazeti, au ndivyo nilivyodhani, mpaka alipolikunjua nikaona ni nakala yetu, amekwenda kuiomba karakana mwenyewe. Ukasikia mashine ya joto ikikoroma. Dinah, mbele yangu, aliinamisha kichwa. Niliona shingo yake ikizama kwenye kola na nilijisikia vizuri. Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri sana.

"Wapendwa," Velma akasema, "mimi nilikuwa na jambo langu, nikalificha. Lakini Dinah ameniona. Huyu msichana ana macho! Amenichora nimebeba chakula mpaka kwa mikono ya nguo."

Watu wakaanza kucheka kwa woga.

"Wiki ya kwanza nililia, siwadanganyi. Nikasema, nimeitwa mwizi. Halafu nikaketi nikaitazama. Nikaona huyu bibi hainami. Anatoka na kichwa juu. Nikasema, huyu aliyechora ananijua, anajua ninakopeleka. Ananiambia niache kujificha." Akaeleza yote. Hakumtaja Nyiraneza kwa jina. Alisema tu kuna familia mpya Eagan, watoto watano. Akasema amebeba peke yake mwaka mzima na mgongo umechoka. "Basi leo nimefichuliwa, nisaidieni."

Wakamsaidia! Walisimama mmoja mmoja. Mchungaji alitaja mstari wa Biblia. Orodha ya zamu za chakula ilijaa kabla ya baraka. Na Velma alishuka akamkumbatia Dinah, koti la manjano likammeza mzima, na kanisa likapiga vigelegele.

Dinah alisema, "Auntie, haki mimi sikukuchora wewe."

"Sikilizeni unyenyekevu!" akasema mke wa mchungaji.

Rangi yangu. Manjano yangu. Niliitengeneza kwa tone la kahawia. Nimeingia garini nikapiga usukani ngumi.

Jumatano, 12 Novemba

Mtu ameibandika kwenye kundi la simu la kanisa. Maoni themanini na mawili. Nimeyasoma yote nikitafuta jina langu.

Jumamosi, 15 Novemba

Karin amemwomba Dinah afundishe darasa la majira ya kuchipua. Dinah aliniambia garini, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa habari ya ugonjwa. Nikasema hongera. Baridi ilikuwa kali, nikasema ni baridi ndiyo imenitoa machozi.

Jumapili, 23 Novemba

Nimefanya jambo ambalo siwezi kulirudisha.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya chakula cha shukrani, Jumapili kabla ya sikukuu yao ya bata mzinga. Meza tatu ndefu, na meza ya nne peke yake kwa ajili ya Eagan, trei zimepangwa. Velma alikuwa na koti lake ndani ya ukumbi wenye joto, anatoka jasho, hataki kulivua, kila mtu anataka kupiga naye picha. Ukutani walikuwa wameibandika ile picha yetu, ndani ya fremu.

Mchungaji akamwita Dinah mbele. Akampa shada la maua. Akasema jinsi Bwana anavyoweza kutumia hata sindano na kipande cha shaba. Dinah alisimama na maua, haonekani na raha, akaanza kusema, "Kusema kweli, kuna mtu mwingine..." na watu wakapiga makofi wakamzima.

Sasa ninajua alichokuwa anataka kusema. Pale sikungoja. Nilisikia makofi tu. Nikasimama, kiti kikaanguka.

"Ni mimi!" nikasema. "Ni mimi niliyemtia rangi. Dinah hakumchora Velma. Alichora mwanamke hewa! Gauni lilikuwa liwe la waridi, ulizeni Karin. Koti ni langu, nywele ni zangu, mimi ndiye niliyefanya akawa Velma. Na wazo pia ni langu, chapati, mikono ya nguo, mbwa, yote. Na jina langu haliko popote!"

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa nimengoja makofi, nitasema ukweli. Mwezi mzima nilikuwa nimeyasikia ndani ya kichwa changu.

Velma alikuwa karibu na meza ya nne, ameshika kijiko cha pilau. Alikiweka chini.

"Ni wewe?" akasema. Hakuwa na hasira. "Wewe si tulibeba pamoja? Zile ngazi za Eagan?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ulijua chakula kinaenda wapi."

"Ndiyo, Auntie."

"Na chapati za kufichwa, na mbwa anafuata. Ukanivalisha hapo." Aliitazama ile fremu ukutani, akaitazama kwa muda, na niliona anaisoma upya, toka kofia hadi mbwa. "Sasa ulikuwa unataka kusema nini kunihusu, Kerubo?"

Ukumbi mzima ulikuwa unaningoja, na jibu pekee la kweli lilikuwa kwamba sikuwa nikisema chochote kumhusu yeye.

Akavua koti. Akaligeuza, bitana nje, akalikunja akaliweka mkononi. Akachukua trei mbili akatoka nazo kuelekea garini, kwa baridi ile, akiwa na blauzi tu. Akina mama wawili wakamfuata na trei nyingine. Dinah aliacha maua juu ya kiti akatoka pia.

Mimi nilirudishwa na Maurice, maana gari langu liko gereji na nilikuwa nimekuja na Dinah. Aliwasha redio, akaizima.

Jumatatu, 24 Novemba

Baada ya zamu nilikwenda kwa Maurice kuitoa ile ya dirishani. Haikuwepo.

"Velma ameshaichukua mwenyewe," akasema.

"Ameichana?"

"Ameikunja akaiweka kwa handbag. Akanunua Royco akaenda."

Nilikwenda mpaka kwa Velma. Alinifungulia mlango, akanikaribisha chai, kwa sababu ni Velma. Nikamwambia nimekosa. Akasema amesikia. Akaniambia siku nitakayojua kwa nini, nirudi nimweleze, na chai itakuwepo. Koti halikuwa kwenye ndoana.

Jumatano, 26 Novemba

Theluji ya kwanza ya maana. Ujumbe kutoka kwa Dinah, maneno manne: "Jumamosi saa tatu. Nakuchukua."

Jumamosi, 29 Novemba

Alikuja saa tatu kamili, ambayo si kawaida yake. Barabara ilikuwa na matope ya theluji. Tulifika karibu na mto kabla hajafungua mdomo.

"Ulikuwa unamlenga Velma?"

"Hapana."

"Najua." Akaendesha kidogo. "Ile siku ya mandazi. Nilimsikia Jairus. Ningeweza kusema, na sikusema. Ilikuwa tamu, Kerubo. Watu wananitazama mimi tu. Nikasema wacha nionje kidogo, nitamwambia baadaye."

"Wiki sita."

"Ndiyo, wiki sita. Lakini mimi nilinyamaza tu. Wewe ulichukua mtu mzima ukanipiga naye."

Sikubisha. Alisema nisitarajie tutakuwa kama zamani hivi karibuni, na kwamba kanichukua leo kwa sababu kuna kazi.

Kwenye meza yangu kulikuwa na nakala ishirini za bamba jipya. Amelikwaruza peke yake wiki hii. Meza ndefu ya karakana ya zamani, wanawake mstari mmoja na brashi zao, wote wameinamia kazi isipokuwa mmoja. Huyo shingo yake imerefuka, imetoka kwenye kola, imevuka karatasi yake, imepita mbele ya majirani wawili kama bomba la maji, mpaka uso umefika juu ya karatasi ya mwanamke wa mwisho. Macho yametoka. Na huku nyuma, mkono wake uliosahaulika unachovya brashi kwenye kikombe cha chai. Uso wenyewe ni wa mtu yeyote. Dinah ameutunga kama kawaida yake, kidevu huku, shavu kule. Chini kuna jina lake tu.

Karin akauliza mwanamke wa shingo avae rangi gani, aandike ubaoni.

"Muulize mwenye rangi," Dinah akasema, akaenda kunawa mikono.

Ningeweza kumvalisha waridi. Kuna wanawake elfu wa waridi. Picha hii inakwenda dirishani kwa Maurice Jumatatu, na watu wangecheka, na kila mtu angemwona mwenzake.

Nilichanganya zambarau. Nikaongeza maji, nikaongeza tena, mpaka ikawa zambarau iliyofuliwa mara mia tatu, ile ya sare yangu ya kazini ambayo nimeingia nayo kanisani Jumapili nyingi nikitoka zamu. Nikatia sketi ya kijani ninayovaa nayo. Nikatia kovu dogo jeusi la pasi kwenye mkono, upande wa kulia, kama lilivyo kwangu.

Kisha nikaja kwenye shingo. Niliitazama kabla ya kugusa karatasi. Ni mstari mmoja tu, toka kola hadi kidevuni, ameuvuta bila kuinua sindano hata mara moja, na yote niliyoyaandika humu tangu Septemba yamo ndani ya mstari huo. Mimi nisingeweza. Hata leo, hata ikiwa ni shingo yangu, nilimwonea wivu. Nikachovya brashi, nikaanza, nikawa mwangalifu nisivuke.